Darajani Pasipo Daraja

Mhadhara kwa wananchi, Mji Mkongwe, Unguja



Wengi wenu mmefika hapa kwa daladala, na kituo mlichoshukia kinaitwa Darajani. Mmeshuka, mkapita baina ya wauza ndizi na wauza simu, mkaingia vichochoroni. Sidhani kama yupo aliyegeuza shingo kulitafuta daraja. Mimi mwenyewe nilipita hapo tangu utotoni, nikitumwa samaki na bibi yangu katika lile soko lililojengwa mwaka 1904, na ilinichukua miaka mingi kujiuliza: daraja gani, na lilivuka nini?

Lilivuka bahari. Mji huu ulikuwa rasi, ukikaribia kuwa kisiwa. Mkono wa bahari uliingia kutoka kaskazini, upande wa Funguni, ukapinda nyuma ya mji na kuteremka kuelekea Mnazi Mmoja. Siku za bamvua kubwa maji yake yalikaribia kukutana na bahari ya upande wa kusini. Siku za maji mafu kikabaki kinamasi cheusi chenye kaa na ndege. Aliyekaa kwenye majumba ya mawe akiyatazama maji yale, wenzake wa upande wa pili aliwaita watu wa Ng'ambo. Maji yamekwisha, jina lipo. Kuufukia mkono ule kulifanywa kipande kwa kipande tangu nusu ya kwanza ya karne ya 20, kazi ikamalizika miaka ya 1950, na juu yake ndipo inapopita barabara ambayo leo ina jina la Benjamin Mkapa.

Anayetaka ramani ya maji ya mji huu aanze kwa kuitaja mitaa. Ziwani. Kisimamajongoo. Kisiwandui. Mtoni. Chemchem. Kibonde Mzungu. Na Bububu, ambayo wako wanaosema jina lake limetokana na mlio wa gari moshi lililokwenda huko mwanzoni mwa karne iliyopita, na wako wanaosema ni sauti ya chemchemi ikibubujika. Mimi nasimama na wa chemchemi, na ninayo sababu: Sayyida Salme, binti wa Sultan Seyyid Said, aliyezaliwa kasri ya Mtoni mwaka 1844, ameitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886. Reli ilikuja karibu miaka 20 baadaye. Jina lilikuwapo kabla ya gari moshi, na maji yalikuwapo kabla ya jina.

Nimeombwa nizungumze juu ya ardhioevu. Neno hili ni zuri na limeundwa vizuri, lakini nimekaa na watu wa Cheju na wa Chwaka, wa Bumbwisudi na wa Jang'ombe, na sijamsikia hata mmoja akisema "naishi karibu na ardhioevu". Watu wana bonde, wana ziwa, wana kinamasi, wana mikokoni, wana dimbwi, wana chemchemi. Kila jina lina kazi yake, mmiliki wake na kumbukumbu zake. Afisa anapofika kijijini na bango la "Tuhifadhi Ardhioevu", msikilizaji anadhani anaambiwa habari za mahali pengine, pengine kule kwenye hifadhi za bara. Naye hakosi sana: Tanzania iliingia katika Mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhioevu mwaka 2000, na maeneo yake manne yaliyoandikishwa, Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, bonde la Kilombero na Rufiji-Mafia-Kilwa, yote yako ng'ambo ya bahari. Hapa Unguja hatuna hata moja.

Na mimi nina deni langu katika jambo hili. Nimesomesha jiografia skuli kwa miaka 31. Wanafunzi wangu waliweza kuichora delta ya Rufiji na hata ya Nile. Sikumbuki hata mara moja kuwauliza maji waliyokunywa asubuhi ile yametoka wapi. Nilifundisha kilichokuwa kitabuni, na kisima kilikuwa hatua 40 kutoka mlangoni mwa darasa.

Basi niruhusuni niwafundishe leo somo ambalo sikuwafundisha wao.

Unguja haina mto wa kuutegemea. Vijito vyetu ni vifupi, na vingine havifiki baharini. Hutiririka kutoka kwenye vilima vya magharibi, vikaingia kwenye mwamba wa matumbawe na kumezwa. Mto Mwera ni mfano wa hayo. Kwa hivyo tunachokunywa sote, tajiri na maskini, ni mvua ya masika na vuli iliyokwisha kuingia ardhini. Maji hayo hayakukaa chini kama maji ya ndoo. Yamelala juu ya maji ya chumvi, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi, kwa sababu maji baridi ni mepesi kidogo. Mwishoni mwa karne ya 19 Mholanzi mmoja, Badon Ghijben, na baada yake Mjerumani Herzberg, waliona kwamba kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna mita 40 hivi za maji baridi chini ya usawa huo. Watu husikia hesabu hii wakafurahi: hazina kubwa! Lakini igeuzeni. Ukivuta maji mpaka usawa wake ukashuka kwa mita 1, chumvi chini ina nafasi ya kupanda mita 40. Bibi wa Nungwi anayeonja maji ya kisima chake na kukunja uso anajua hesabu hiyo kwa ulimi.

Sasa mabonde yanaingia wapi? Wazee wetu walikuwa na majina ya udongo kabla ya kufika mtaalamu yeyote. Kichanga, kinongo, maweni, uwanda, na ule mzito wa mabondeni unaoshika jembe, kinamo. Mvua ya masika ikianguka juu ya maweni hupotea mara moja katika nyufa. Ikianguka kwenye paa na lami hukimbilia baharini. Ikianguka kwenye kinamo hukaa. Sitaki kuwadanganya kwamba kila bonde hunyonya maji kama sponji. Kinamo ni kizito na hupitisha kidogo. Kazi yake kubwa ni kuyachelewesha. Maji yanatuama wiki na wiki, mpunga unaota, vyura wanalia, na taratibu maji yanafika pembeni mwa bonde ambako mwamba uko karibu na matundu yake yako wazi, na hapo ndipo yanaposhuka. Nendeni Jozani mwezi wa Mei mkaone msitu uliosimama ndani ya maji, mitondoo ikiwa imelowa miguu. Yale ni maji ya ardhini yaliyopanda kutuamkia. Jozani na ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004, kilomita za mraba 50, na wageni wengi huenda kumpiga picha kima punju. Mimi ningependa siku moja mgeni na mwenyeji wapelekwe kutazama maji tu.

Kilima cha Masingini, nyuma ya Bububu, ni hadithi hiyo hiyo kwa upande wa msitu. Mvua inashikwa na miti, inashuka, inatokea chini kama chemchemi. Seyyid Barghash aliyetawala toka 1870 mpaka 1888 aliielewa thamani yake. Alirithi mji uliotoka kuugua kipindupindu cha 1869 na 1870, janga ambalo daktari James Christie aliliandikia kitabu kizima, mji ambao watu wake walikunywa visima vifupi vilivyochimbwa jirani na makaro. Akayaleta maji ya chemchemi mjini kwa mfereji, na mabaki ya matao ya mawe bado mnayaona Maruhubi mkipita barabara ya Bububu. Na mpaka leo sisi Wazanzibari bomba tunaliita mfereji. Ila aliyejenga mfereji hakulazimika kuifikiria chemchemi, kwa sababu juu yake palikuwa na msitu na chini yake palikuwa na watu wachache. Sisi hatuna nafasi hiyo. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu 476,111 Zanzibar nzima. Ya mwaka 2022 imehesabu 1,889,773, na kati yao 1,346,332 wako Unguja. Kisiwa hakikuongezeka hata hatua moja.

Juu ya hao waongezeni wageni. Mwaka 2001 mtafiti Stefan Gössling alichapisha hesabu yake ya pwani ya mashariki: mgeni mmoja alikuwa akitumia wastani wa lita 685 kwa siku, mara nyingi zaidi ya mwanakijiji, na sehemu kubwa ya maji hayo ilikwenda kumwagilia bustani. Siwalaumu wageni, wanalala pale tulipowalaza. Ila hoteli zile zilijengwa upande wa maweni, ambako tabaka la maji baridi ni jembamba kuliko kokote kisiwani, na upande ambao wenyeji wake walikuwa wakiingia mapangoni na ndoo kuyatafuta maji. Mgeni hajui. Sisi tunajua, na tunanyamaza.

Turudi mjini. Masika mengi mmesikia Mwanakwerekwe pamejaa, Kibonde Mzungu hapapitiki, Sebleni watu wamehama. Redio inasema "mafuriko". Mimi nasema maji yamerudi kwao. Jina la Kibonde Mzungu linamwambia kila anayenunua kiwanja pale kwamba hili ni bonde. Kwa miaka mingi mabonde ya Ng'ambo yaligawanywa viwanja, yakajazwa kifusi na taka, nyumba zikajengwa juu yake, kwa sababu bonde lilikuwa ardhi ya bei nafuu na mtu anayekuja mjini kutafuta riziki hanunui anachokipenda. Sitasimama hapa kumhukumu baba aliyejenga vyumba viwili dimbwini ili watoto wake wawe karibu na skuli.

Katika miaka ya 2010 mitaro mikubwa ilijengwa mjini kwa mkopo wa Benki ya Dunia, nayo imefanya kazi ya maana. Aliyeushuhudia mripuko wa kipindupindu wa 2015 na 2016, akamwona mtoto wa jirani akibebwa, hawezi kuudharau mtaro. Nasema haya kwa sauti kwa sababu wako wapenda mazingira wanaozungumza kana kwamba maji machafu yanayotuama mlangoni ni neema. Si neema. Lakini tazameni kazi ya mtaro ni nini: kuichukua mvua iliyoanguka Amani na kuipeleka baharini kwa muda mfupi kuliko wote. Kisha mwezi wa Januari, jua la kaskazi likiwaka, mtaa ule ule unapanga madumu kusubiri gari la maji. Tumejenga njia ya kuyafukuza maji kabla ya kujenga pa kuyakaribisha. Mabwawa machache yaliyosalia mjini yangeweza kusafishwa, yakazungushiwa majani na miti, maji ya taka yakazuiwa yasiingie, na mtaro ukaanzia pale bwawa linapofurika, usianzie chini yake. Mabwawa hayo si mengi. Mwaka ujao huenda yakawa machache zaidi.

Sasa niseme juu ya mikoko, maana najua wengi mmekuja kwa ajili yake.

Inueni macho mtazame dari ya ukumbi huu. Boriti hizo ni za mikoko. Chumba cha Mji Mkongwe ni chembamba, mita 3 hivi, kwa sababu boriti haizidi hapo. Mti wa kinamasi ndio uliompimia mwashi upana wa nyumba. Chokaa iliyoshika mawe haya ilichomwa kwa kuni, na kuni nyingi zilitoka huko huko. Majahazi yalipakia boriti hizo hizo kwenda Arabuni na Ghuba karne na karne. Mji huu, ambao UNESCO iliutia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, umesimama kwa mwili wa mikoko. Nalisema hili kila ninapopata mimbari, kwa sababu watu hudhani urithi uko upande huu na mazingira yako upande ule.

Mikoko iliyobaki Unguja iko kwa wingi ghuba ya Chwaka. Na kila mwaka mnaona kwenye televisheni watu wamevaa fulana za aina moja, wameingia topeni, wanachomeka miche, wanapigwa picha. Mimi nimekuwa mmoja wao. Tulikwenda ufuo mmoja ambao sitautaja, tukachomeka mamia ya mbegu za mkoko, zile ndefu kama mikuki zinazochipua zikiwa bado juu ya mti. Tulifurahi sana. Nilirudi baada ya masika mawili na mjukuu wangu, nikitaka kumwonesha kazi ya babu yake. Tulihesabu miche 11.

Mvuvi mmoja aliyekuwa akitengeneza dema lake alitutazama, akasema: "Mwalimu, mkoko hukaa na maji, haukai majini." Nimeiweka kauli hiyo moyoni. Pale tulipopanda maji ya bahari hayakauki vya kutosha. Mche ulizama saa nyingi mno kila siku, ukafa kwa kukosa pumzi. Kila mti una zamu yake: mlilana mbele kabisa ukipokea mawimbi, nyuma yake mkoko, kisha msinzi na mkandaa, na mchu ambao huvumilia mbele na nyuma, hata kwenye chumvi kali. Tulipanda mti wa safu ya pili katika mahali pasipo pa mti wowote, penye majani ya bahari ambayo nayo yalikuwa makaazi ya samaki wachanga, tukayakanyaga.

Kurejesha kinamasi huanza na kuuliza maji yalikuwa yakipita wapi, na nani aliyafunga. Mara nyingi utakuta tuta la barabara bila karavati la kutosha, au shimo la mchanga, au shamba la chumvi lililotengenezwa kisha likaachwa. Fungua njia ya maji, zuia shoka, na kama miti ya mbegu ipo karibu, bahari yenyewe itapanda. Haigharimu fulana. Inahitaji mtu mwenye mamlaka ya barabara na mtu mwenye elimu ya bamvua wakae meza moja, na hilo ndilo gumu kuliko tope.

Jirani zetu wa Gazi, pwani ya Kenya, wametutangulia. Mradi wao, Mikoko Pamoja, ulianza kuuza hewa ya ukaa mwaka 2013 kwa kulinda na kurejesha hekta 117 za mikoko, na fedha iliyopatikana wanakijiji wenyewe wakaamua iende wapi. Ilikwenda kwenye mabomba ya maji na kwenye skuli. Mwanamke wa Gazi akifungua bomba anajua mkoko umemletea ndoo ile. Elimu ya namna hiyo haihitaji bango.

Na tunao mfano wetu wenyewe. Misali, pale Pemba, palipofanywa hifadhi mwaka 1998, wavuvi walikuwa wamesikia sheria mara nyingi na uvuvi wa baruti ukaendelea. Baadaye watu wa dini waliingizwa katika kazi, wakakaa na wavuvi wakisoma juu ya amana, juu ya israfu, juu ya mwanadamu kuwa khalifa aliyekabidhiwa ardhi na si mwenye mali. Neno likatoka katika kinywa wanachokiamini, kwa lugha wanayosalia. Masheikh mlioko hapa mnajua kuliko mimi hadithi ya kutopoteza maji ya udhu hata ukiwa kando ya mto unaotiririka. Nawaombeni hutuba, hata moja kwa kila masika, juu ya bonde la mtaa wenu, kwa jina lake.

Walimu wenzangu, ombi langu kwenu ni dogo zaidi. Kila skuli ichague kisima kimoja. Kila Jumatatu watoto wateremshe kamba yenye jiwe, wapime maji yako chini kiasi gani, waonje, waandike kwenye daftari moja linalorithiwa darasa hadi darasa. Mvua imenyesha lini, maji yamepanda lini. Nimejaribu na watoto wa mtaani kwetu toka vuli iliyopita. Mtoto wa miaka 10 aliniambia, "Babu, mvua ya juzi bado haijafika." Alikuwa anaitazama kamba. Katika miaka yangu 31 darasani sikupata jibu la mtihani lililonifurahisha kama lile.

Nimalizie na miadi. Jumamosi ya bamvua ijayo, mwezi ukishapevuka, maji yatajaa alasiri, mnamo saa kumi. Baada ya sala tutakutana Funguni na kutembea kwa miguu njia yote ya mkono wa bahari uliofukiwa: Funguni, Darajani, mpaka Mnazi Mmoja. Mzee mmoja wa Kisimamajongoo ambaye baba yake alimsimulia maji yalipokuwa yakifika ameahidi kutuongoza, na pale anapokumbuka ukingo, watoto watauchora mstari chini. Leteni chaki, na njooni na kandambili. Tukifika uwanjani Mnazi Mmoja, upande wa bahari, maji ya chumvi yatakuwa yametangulia.